Kilichokuwamo Chupani mwa Salha

Tunis, 9 Machi 1998

Kwa Mama Mkubwa Mahbuba,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Mansur na mkewe na watoto, na kwamba pepo za mwezi huu hazijang'oa tena bati la banda lako. Mimi ni mzima. Nimehama bweni, sasa naishi na wasichana wawili wa Gabes wanaokaanga pilipili mpaka jirani wa chini anapiga chafya. Baba alipiga simu kutoka Sfax. Yeye mzima, mke wake mpya mzima.

Najua hukutarajia barua kutoka kwangu. Siku ya tatu ya msiba wa mama nilisema mbele ya akina mama wote kwamba zeita yako, yale majani chungu unayowachemshia wagonjwa, ndiyo iliyomuua. Mwaka umepita na mwezi. Sijayafuta maneno hayo na siandiki leo ili niyafute. Naandika kwa sababu ya kazi.

Profesa Kallel, anayesimamia utafiti wangu, amenipa mimea ya pwani inayostahimili chumvi. Ndani ya majani yake mna vitu viitwavyo fenoli. Ndivyo vinavyokausha ulimi ukitafuna jani chungu; mmea hujitengenezea wenyewe ili ujikinge na jua na chumvi. Kazi yangu ni kuzitenganisha kwa mashine, moja moja, na kuipa kila moja jina lake. Anataka zeita ya visiwani. Nilimwambia simjui mtu wa kuileta. Akaniuliza, "Wewe si wa Kerkena? Huna hata mama mkubwa huko?" Nikamwambia nitaandika barua, maana hakuna Mkerkena asiye na mama mkubwa.

Naomba kilo mbili za majani makavu. Mansur anaweza kuyapakia kwenye kivuko, nitayapokea Sfax.

Dorsaf

*

Kerkena, 2 Aprili 1998

Binti yangu Dorsaf,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako imetumia siku kumi na nane kufika. Mpeleka barua anasema ni upepo, mimi nasema ni uvivu. Mansur mzima, bado ni fundi wa kivuko na bado ananuka dizeli mpaka kwenye mto wa kulalia. Watoto walipata surua, wanaendelea vizuri. Kondoo wa sikukuu yumo uani, ameshakula pindo la shela yangu nzuri, na nimemwambia tutaonana Jumanne. Nyumba ya mama yako naifungua kila Alhamisi iingie hewa. Mtini wa uani umechipua.

Umeandika neno "naomba". Mtoto wa mdogo wangu haniombi majani. Umeagiza, nimekutumia. Basi.

Nilikuwa nachuma, Manubia akapita na ndoo yake. "Unamchumia nani hiyo?" Nikamwambia, Dorsaf, kwa ajili ya chuo. Akaitua ndoo. "Dorsaf yupi?" Nikamwambia unamjua Dorsaf mwingine? Akaenda zake bila kuaga. Zamani Manubia alikuwa haikosi zeita yangu kwa kikohozi cha wajukuu zake, sasa anapita upande wa pili wa njia. Wote wanapita upande wa pili. Simlaumu mtu, na wewe sikulaumu. Muda wa kuchuma ninao tele.

Kula vizuri. Pilipili za Gabes zitakuunguza tumbo.

Mama yako Mkubwa, Mahbuba

*

Tunis, 11 Mei 1998

Mama Mkubwa,

Assalaam alaykum. Nashukuru kwa mzigo. Poleni na surua. Kondoo natumai alikuwa mtamu kuliko shela. Hapa joto limeanza, na mmoja wa wale wasichana wa Gabes amechumbiwa, nyumba imejaa nyimbo tangu Jumatano.

Nina swali, na nakuomba usilichukulie vibaya. Profesa alipofungua boksi alilifunga tena akaniuliza kama nimemletea mimea au pweza. Hilo si kitu. Tatizo ni kwamba majani yako hayana nguvu. Mashine inachora mstari kwenye karatasi, na kila fenoli inapopita inatoa kilele. Zeita ingepaswa kutoa milima. Yako imetoa vichuguu. Ni kama supu iliyoongezwa maji.

Uliyachuma wapi? Uliyafanya nini kabla ya kuyafunga? Niandikie kila hatua, hata ile unayoona haina maana. Nikishindwa kupata mimea mizuri mwaka huu, nafasi yangu ya utafiti atapewa mwingine.

Umesema hunilaumu. Sikukuuliza. Mimi naamka, nafanya kazi, nakula, nalala. Watu huniuliza kama nimepoa. Siwajibu, maana sikumbuki kama niliwahi kuwaka. Siku ya mazishi nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani.

Dorsaf

*

Kerkena, 1 Juni 1998

Binti yangu,

Salamu zako zimefika, na matusi yako pia. Mansur anakusalimia. Mkewe ana mimba ya tano, anatapika akiona hata picha ya samaki. Hongera kwa bibi harusi wa Gabes.

Eti supu iliyoongezwa maji. Miaka arobaini nakausha majani, leo naambiwa na karatasi. Haya, andika. Nilichuma zeita iliyo kando ya birika la kukusanyia maji ya mvua, maana ile ina majani manene, ya kijani, yanapendeza macho. Nilichagua moja moja. Nikaiosha maji matatu mpaka chumvi yote ikatoka, kisha nikaianika juani juu ya dari siku nne. Pweza walikuwa kwenye kamba pembeni, na walikuwa hapo kabla ya profesa wako kuzaliwa. Sasa niambie, ningewezaje kumpelekea mtu wa heshima majani machafu, yamekunjamana, yana chumvi juu kama mwenye ukurutu? Wangesema dada yake marehemu Salha hana adabu.

Nilipomsomea Mansur barua yako akacheka mpaka akakohoa. "Mama, umemfulia dawa mtoto wa watu." Kumbe ndivyo. Dawa ya kunywa mwenyewe huwa siioshi wala siianiki juani, hilo kila mwanamke hapa analijua. Lakini hii haikuwa dawa, ilikuwa zawadi, na zawadi huoshwa.

Basi nimekwenda kwenye sabkha, ule uwanda wa chumvi nyuma ya makaburi. Nimechuma ile mifupi, iliyogeuka myekundu kwa kiu, ambayo hata mbuzi anaifikiria mara mbili. Sikuiosha. Nimeianika kivulini chumbani kwa mama yako, hakuna jua wala pweza. Kama kweli aliyebanwa na chumvi ndiye mwenye vitu vingi ndani, mwambie profesa wako aje anipime mimi.

Kuna jambo jingine. Ile chupa uliyoichukua kando ya kitanda cha mama yako, bado unayo? Kama unayo, itupe. Kitu cha maiti hakikai chumbani kwa msichana. Usiniulize zaidi.

Mahbuba

*

Tunis, 20 Septemba 1998

Mama Mkubwa,

Assalaam alaykum. Sikuandika majira yote ya joto kwa sababu mashine iliharibika na fundi alikuwa likizo. Mke wa Mansur natumai hatapiki tena. Bibi harusi wa Gabes amekwenda kwa mumewe, kodi ya chumba tumebaki kugawana wawili.

Zeita ya sabkha ni nzuri sana. Vilele vimejaa karatasi. Profesa alinishika mkono. Nafasi yangu nimeshaihifadhi, na hilo nakushukuru.

Chupa sikuitupa. Iko kwenye kabati tangu siku ile, na chini yake kuna utando mkavu wa rangi ya kahawia. Uliponiambia niitupe ndipo nilipojua kwamba nitaifungua. Niliuyeyusha ule utando kwa pombe ya maabara nikaupitisha mashinani. Kilele cha kwanza ni fenoli iitwayo asidi ya galiki. Kwenye zeita yako kilele cha kwanza ni asidi ya galiki, kimetokea dakika ileile, kwa umbo lilelile. Niliziweka karatasi mbili moja juu ya nyingine dirishani. Zililingana.

Kwa hiyo ni kweli. Kidonda cha sukari kilikuwa kinaoza mguuni mwa mama, daktari wa Sfax akasema mguu ukatwe ataishi, naye akabaki kisiwani anakunywa majani yako. Kila Jumapili aliniambia kwenye simu ya posta, "Zeita ya dada inakikausha, wewe soma." Nami nikasoma.

Nilidhani nikiliona kwa macho nitahisi kitu. Nilikunja karatasi nikaenda kula maharage.

Dorsaf

*

Tunis, 14 Novemba 1998

Mama Mkubwa,

Assalaam alaykum. Hujajibu. Mansur nilimpigia simu bandarini, akasema wewe mzima, mkewe amejifungua msichana, na kwamba barua yangu uliisoma, ukaikunja, ukaenda kupepeta shayiri. Hongereni kwa mtoto.

Nilimpelekea Profesa zile karatasi mbili. Sikumwambia chupa ni ya nani. Akavaa miwani. "Kilele kimoja si shahidi," akasema. "Asidi ya galiki iko kila mahali, hata kwenye komamanga. Vingine umevilinganisha?" Nilikuwa sijavilinganisha. Nilipoona cha kwanza kimelingana niliacha kutazama. Kwa kosa hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angechapwa.

Zeita ina vilele vinne vikubwa ambavyo ni vyake. Chupani hakuna hata kimoja. Chupani kuna vitu vingine, na katikati kuna kilele kimoja kirefu kuliko vyote ambacho si fenoli kabisa. Profesa akacheka. "Umeisuuza chupa hii kwa chai?" Nikamwambia sikuisuuza. "Basi mwenyewe alikuwa mnywaji chai. Hii ni kafeini, binti. Chai nyekundu iliyochemshwa mpaka ikalia, na nanaa kidogo."

Nimerudia mara tatu. Mara ya tatu nilipima na chai ya jikoni kwetu. Kafeini haioti kwenye chumvi ya Kerkena.

Mama hakuwa anakunywa zeita. Alichemsha chai ikawa nyeusi na chungu, akaiweka kando ya kitanda ili kila aingiaye aone dawa. Na wewe ulijua, maana hakuna mtu kisiwani anayeijua harufu ya zeita kuliko wewe. Nilikuita muuaji ukiwa umekaa mkekani mbele yangu. Ukainuka, ukamjazia Manubia kahawa.

Kwa nini?

Dorsaf

*

Kerkena, 6 Desemba 1998

Binti yangu Dorsaf,

Salaam. Mtoto wa Mansur ameitwa Salha. Hilo ndilo la kwanza. Zabibu za mwaka huu ndogo lakini tamu, nimekuwekea. Mvua imenyesha mara mbili.

Nilikwambia uitupe. Lakini mama yako naye alikuwa hatupi kitu.

Sikiliza basi. Zeita ni ya kikohozi na ya tumbo. Kidonda cha sukari haikiwezi, na sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba inakiweza. Nilipouona ule mguu nilimwambia, "Salha, kesho kivuko cha kwanza, Sfax." Akasema, "Nimetoka huko. Wanataka kuukata." Nikamwambia waukate, una mwingine. Akanitazama kama nimetukana. Wewe babu yako hukumjua. Walianza na vidole, wakaja mguu, wakaja goti, akafia hospitali miongoni mwa watu asiowajua majina. Salha ndiye aliyekuwa analala naye wodini, ana miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari.

Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Nilimfokea, nikampigia magoti. Nikamwambia nitamwita Dorsaf. Ndipo alipokasirika kweli. "Dorsaf ana mtihani Februari. Akisikia mguu atashuka, na akishuka harudi tena, atabaki hapa ananibadilishia vitambaa mpaka azeeke. Humwiti." Kisha akaniapisha kwa maziwa ya mama yetu tuliyonyonya wote wawili. Akasema watu wataambiwa anakunywa zeita yangu, ili wamwache apumzike. Nikamwambia, basi angalau inywe kweli, haitakudhuru. "Chungu," akasema. "Bora chai." Akacheka. Alikuwa na homa na anacheka.

Unauliza kwa nini nilinyamaza. Kwanza nimeapa. Pili, ningesema nini pale mkekani? Kwamba Salha alikataa tiba kwa makusudi? Wangesema amejiua, na kaburi lake lingepitwa haraka kama mlango wangu unavyopitwa. Afadhali waseme ana dada mjinga. Tatu ni wewe. Ungeubeba ule mtihani moyoni kama wewe ndiye uliyemuua. Mtu anaweza kumchukia mama mkubwa wake maisha yake yote na akalala usingizi. Mtihani usingekuacha ulale.

Sasa unajua, kwa sababu ya hiyo mashine. Mimi sikuvunja kiapo, ni kafeini iliyosema. Lakini nakuamuru kama mama yako: usije ukamwambia mtu hapa. Nimeshazoea.

Mahbuba

*

Tunis, 2 Januari 1999

Mama Mkubwa,

Assalaam alaykum, na Ramadhani iwe nyepesi kwenu. Hapa tunafuturu kwa supu ya shayiri isiyo na pweza, yaani maji ya moto. Mbusu Salha mdogo.

Nilipata kumi na saba juu ya ishirini kwenye mtihani ule. Nimeitoa ile karatasi ya matokeo nikaitazama. Imeandikwa "vizuri sana" kwa wino wa kijani. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote, na kila mara naisoma kama orodha ya vitu vya sokoni: mguu, goti, maziwa, chai. Sijalia, Mama Mkubwa. Sijui machozi huanzia wapi. Natamani nikuombe msamaha kwa sauti inayotetemeka, lakini sauti niliyonayo ni hii tu. Nisamehe. Nilikukosea mbele ya watu ishirini na tatu. Niliwahesabu, kama vigae.

Nitakutii, sitamwambia mtu. Lakini neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi kwenye barua.

Nakuja sikukuu. Siku ya pili ya Idi, wanawake watakapokuja kukuamkia kwa kuwa ni lazima, na kukaa dakika tano kwa kuwa hawataki zaidi, nitakuwa nimekaa katikati yao. Nitakuomba unipikie zeita. Nina kikohozi tangu Novemba, cha kweli, huna haja ya kusema uongo. Uilete ile ya sabkha, isiyooshwa. Nitainywa.

Dorsaf

*

Kerkena, 27 Januari 1999

Binti yangu Dorsaf,

Salaam. Natumai ulifika salama na zabibu hazikumwagika kwenye basi. Mansur anasema bahari ilichafuka siku ile, na kwamba ulisimama nje njia nzima ukiushika ukingo kama unakizuia kivuko kisizame. Salha mdogo ameanza kucheka, anacheka na ukuta.

Tangu uondoke sijaacha kuufikiria uso wa Manubia. Ulipoinua sauti ukasema, "Mama Mkubwa, kikohozi hiki kitaniua, nipikie zeita yako," biskuti ilimbaki shavuni asitafune wala asiteme. Nikachemsha maji. Nikakujazia bilauri. Ukanywa yote. Ukakunja uso, maana ni chungu, na ni haki yako kukunja. Kisha ukanyoosha bilauri: "Niongeze." Dakika tano zao ziliisha na hakuna aliyeinuka. Walikaa mpaka adhuhuri wakitazama kama utakufa.

Hukufa. Jana asubuhi Manubia amenigongea mlango. Alisimama kizingitini anachezea ncha ya shela.

"Mahbuba, mjukuu wangu anakohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Nikampa. Nilimfungia viganja viwili kwenye karatasi, nikamwelekeza asiioshe. Akaniita dada. Akaenda.

Nikafunga mlango nikakaa chini palepale. Binti yangu, mimi sikuwahi kumlilia mama yako. Siku ya kwanza nilikuwa naosha maiti na kupokea watu. Siku ya tatu ukasema ulilosema, na baada ya hapo ningelia vipi? Anayeitwa muuaji akilia, wanasema anajuta. Miaka miwili nimetembea na dada yangu kooni kama mwiba wa samaki. Jana nimemlilia. Nililia vibaya, kwa sauti, hata mbuzi wa uani akanyamaza, na mkate ukaungua kwenye tanuri.

Machozi yako bado, najua. Hayatakuuliza muda. Yakianza, usiwalilie watu wa Tunis, hawakumjua. Acha mashine, acha profesa, panda kivuko. Mlango sifungi kwa ufunguo.

Mama yako Mkubwa,
Mahbuba